Mkeka Uliohama na Upepo

Harufu ya tairi linaloungua hushika koo kwanza, ndipo ifike puani. Watu wengine wakisimulia utoto wao huzungumzia mvua ya kwanza juu ya vumbi, au mahindi yaliyochomwa jikoni kwa nyanya, nami husikiliza na kuona wivu. Mimi nilibahatika kupata tairi. Chini ya tairi kulikuwa na harufu nyingine, ya mafuta ya samaki yaliyochemshwa mara nyingi mno hadi yakawa meusi na mazito, na chini ya hiyo kulikuwa na samaki wenyewe, waliokuwa wameanza kuharibika kabla hawajaona moto. Harufu hizo tatu ziliingia kwenye nywele, kwenye sare ya shule, kwenye uji. Niliwahi kunusa daftari langu la hesabu nikataka kutapika. Huo ndio mtaa wa Obunga ninaoukumbuka, pale nyuma ya viwanda vya Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano, katika kiangazi kilichokataa kwisha.

Mama alikuwa anakaanga mgongo wazi. Asiyejua mgongo wazi ni nini ana bahati, lakini nitamweleza. Viwanda vya samaki vilikuwa vikimpokea mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, vinamchuna nyama yote nyeupe, vinaigandisha na kuipeleka kwa watu wa ng'ambo wasiopenda miiba. Kilichobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, vikiwa vimeshikana. Hicho ndicho kilichotupwa langoni, na mama zetu walikisubiri na mabeseni. Mama aliianika ile migongo juu ya vichanja, nzi wakaifunika hadi huwezi kujua ni ya rangi gani, ndege makorongo wakasimama kando wakingoja asinzie, kisha akaitumbukiza kwenye pipa lililopasuliwa katikati, lililojaa mafuta yaliyotoka kwa samaki hao hao. Tulikula hiyo, tukauza hiyo, tukavaa hiyo. Shuleni waliniita Mgongo Wazi, na waliokuwa wakiniita hivyo mama zao walikuwa wanakaanga mita ishirini kutoka kwetu.

Mwanzoni alitumia kuni. Zilitoka kijijini kwao, upande wa Pap Onditi, zikipanda lori pamoja na mihogo, na zilipofika uani zilinukia vizuri, mti mbichi na utomvu, hata nikawa nazikalia kusudi. Lakini mbuta ana mafuta mengi, hakauki juani kama omena, wale dagaa wa ziwani, lazima apitishwe motoni au aoze. Kwa hiyo tangu mbuta alipojaa ziwani, mwambao mzima wa ziwa uliingia kukata miti ili kumkaushia samaki mmoja. Tulipokwenda kwa nyanya Krismasi ile, kilima nilichokijua kikiwa na kichaka kilikuwa na visiki na makorongo ya udongo mwekundu, na nyanya alisimama akitazama mawingu yanayopita bila kushuka. Mvua za Machi hazikuja Machi. Siku hizi kuna maneno makubwa ya mambo haya, mabadiliko ya tabianchi, gesi zinazokaa angani zikizuia joto lisitoke, na ninayaelewa kwa kuwa nimesoma. Wakati ule nilielewa tu kwamba dereva wa lori alishuka siku moja akiwa na mihogo peke yake. "Kuni imeisha huko mlimani, Mama," akasema. "Hata sisi wenyewe tunapikia mavi ya ng'ombe."

Ndipo tukahamia matairi. Karibu na barabara palikuwa na fundi wa pancha, mzee mmoja kutoka Murang'a tuliyemwita Baba Wanjiru, na nyuma ya kibanda chake palikuwa na rundo la matairi yasiyozibika tena. Alitupatia bure. "Chukueni, yananijazia tu hapa," alisema, na sidhani kama alifikiria zaidi ya hapo. Kazi ya kuyaleta ilikuwa yangu, nami, niseme ukweli, niliipenda. Nililisukuma tairi kwa kijiti nikikimbia kando yake hadi nyumbani, nikijivunia. Mama alilikata vipande kwa panga na kuvisukuma chini ya pipa. Moto wake ulikuwa mkali, mafuta yalichemka upesi, na moshi ulipanda mweusi, mzito, ukimwaga nyuzi za masizi zilizotua juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya ugali ulioachwa wazi. Ukipenga kamasi, inatoka nyeusi. Ukitema mate, meusi. Kinyaa cha mambo hayo kilikuwa kwamba baada ya wiki mbili hakuna aliyeyaona tena.

Isipokuwa mama aliyaona. Nina ushahidi, nao ni mkeka. Mdogo wangu Adhis alikuwa na miaka minne na kifua kilichokuwa kinalia tangu alipozaliwa. Kisumu upepo hugeuka kila siku: asubuhi unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na baada ya adhuhuri unarudi kutoka ziwani ukielekea mitaani. Kwa hiyo asubuhi mama aliutandika mkeka wa Adhis upande wa nyumba, mahali moshi hauendi. Saa sita alikwenda kupanga foleni kwenye lango la kiwanda, kwa sababu ndipo migongo ilipotolewa, na tairi likiwashwa halizimiki kwa kutaka, linabaki likifuka chini ya pipa hadi liishe lenyewe. Wakati huo Adhis alikuwa amelala usingizi wa mchana, na jirani aliyekuwa akimtupia jicho alikuwa na pipa lake na moshi wake. Ilikuwa juu yangu kutoka shule wakati wa chakula, kumpa Adhis uji, na kuuhamisha mkeka pamoja naye hadi upande wa ziwa kabla upepo haujageuka. "Awino, usisahau mkeka," mama aliniambia kila asubuhi. Hakusema kwa nini, wala hakuhitaji.

Siku moja nilisahau. Wakati wa chakula nilipita kwa Baba Wanjiru nikakuta amepata tairi la trekta, nasi watoto sita tukawa tunaingia ndani yake kwa zamu na kubiringishwa. Nilipanda na kushuka hadi kengele ya shule ikalia, nikakimbia darasani nikiwa na njaa na furaha. Somo lilikuwa sayansi. Mwalimu aliandika ubaoni sababu za uchafuzi wa hewa, nasi tukanakili. Sababu ya kwanza, viwanda vya Ulaya. Ya pili, viwanda vya Amerika. Ya tatu, magari mengi ya miji mikubwa ya ng'ambo. Alikuwa ameanza ya nne wakati moshi ulipoingia dirishani, mweusi, na karatasi ya mtoto aliyekaa mbele ikapata doa la masizi. Mwalimu alikohoa, akaweka chaki chini. "Fungeni hiyo dirisha," akasema. "Hizi mama zenu zitatumaliza." Darasa likacheka, nami nikacheka pia, kisha nikaelewa kwamba kama moshi umefika shuleni, basi upepo umegeuka, na Adhis amelala upande wa nyumba. Niliinua mkono. "Andika kwanza," mwalimu akasema. Nikaandika. Niliandika sababu zote hadi ya mwisho, kwa mwandiko mzuri, na Obunga haikuwemo.

Somo lilipokwisha nilikimbia nyumbani, nikamkuta Adhis amekaa wima, mikono ameitandaza mkekani, shingo ameinyoosha. Mbavu zilikuwa zikizama ndani kila alipovuta pumzi, na pumzi yenyewe ilipiga mluzi mwembamba. Puani alikuwa na pete mbili nyeusi. Hakulia, maana kulia kunataka pumzi. Nilimvuta pamoja na mkeka wake hadi upande wa ziwa, nikijua nimechelewa, na ndipo mama akaingia uani na beseni kichwani. Aliliweka chini, akamfunga Adhis mgongoni, na tukaenda zahanati mbio mbio, yeye bado ananuka samaki na tairi hivi kwamba watu waliokuwa kwenye benchi walijisogeza. Mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni: asiniulize kuhusu mkeka.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kuchoka. Alimsikiliza Adhis kifua, akampa sindano, kisha akachukua pamba na kumsafisha pua. Aliitazama ile pamba kwa muda. "Huyu mtoto anavuta nini?" akauliza. "Nyinyi mnapikanga na nini huko nyumbani?"

"Kuni tu, daktari," mama akasema.

"Kuni gani inatoa rangi kama hii?"

Mama aligeuka akanitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayetaka kujua niko upande gani, na mimi nikatazama sakafu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimelisukuma tairi hadi uani kwa kijiti changu. Ningeweza kusema. Nilinyamaza, na si kwa heshima ya mama kama nilivyojidanganya baadaye. Nilinyamaza kwa sababu neno tairi lingefuatwa na neno mkeka. Niliona nafuu mama aliposema uongo. Daktari aliitupa pamba, akaandika dawa ya kikohozi, akasema mtoto awekwe mahali penye hewa safi. Mama akasema ahsante sana.

Tuliporudi nyumbani beseni lilikuwa pale pale tulipoliacha, nzi wamelifunika, samaki ameanza kutoa maji. Mama alilitazama, akamlaza Adhis, akachukua panga na kukata tairi. Sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Tulikuwa tunakula kutoka katika lile pipa na hakukuwa na pipa jingine. Ninaowalaumu walikuwa ndani ya ukuta wa kiwanda, waliotuma nyama nyeupe ng'ambo na kutuachia mifupa, na bomba lao lilikuwa na moshi wa adabu, mwembamba, wa kijivu, uliopanda moja kwa moja juu. Kuanzia siku ile sikusahau mkeka hata mara moja. Nilikimbia kila adhuhuri, nikauburuta na mtoto juu yake, na watu wakanisifu kwa kumpenda mdogo wangu. Nilizisikia sifa hizo kwa miaka mingi. Sasa nikizifikiria nauliza ni ukoo gani ule, ni mji gani ule, uliompa mtoto wa miaka kumi kazi ya kulinda mapafu ya mwenzake dhidi ya upepo wa Ziwa Viktoria, na kumpigia makofi.

Adhis alipona, kama hicho kinaitwa kupona. Ni mwalimu Port Victoria, na dawa yake ya pumu ya kuvuta haikosi mkobani. Mama yuko kwao Pap Onditi, anapikia gesi, na anakohoa asubuhi kwa muda unaotosha chai kupoa. Mvua huko sasa zinakuja zikitaka, au zinakuja zote kwa pamoja na kuchukua mashamba. Mimi nina nyumba yangu Kisumu, upande wa Manyatta, yenye jiko la gesi na kijibustani, na huwa na hasira nyingi juu ya mambo haya. Nikiona jirani anachoma plastiki naongea kwa sauti. Nimewahi hata kusimama kanisani nikasema.

Mwezi uliopita Adhis alikuja kunitembelea Jumamosi. Gari la taka halikuwa limepita kwa wiki tatu, na nyuma ya nyumba palikuwa pamejaa: nepi za mtoto wangu wa mwisho, chupa za plastiki, mifuko ya unga, kiatu kimoja cha mpira. Palinuka. Asubuhi, kabla hajaamka, nilimwaga mafuta ya taa kidogo na kuwasha, kama ninavyofanya mara kwa mara, kwa sababu lazima mtu afanye kitu. Lile rundo lilikuwa bado linafuka tulipokaa uani baada ya chakula cha mchana. Tulikuwa tunacheka habari za wanafunzi wake. Kisha majani ya mpapai yakatikisika upande mwingine, na Adhis akageukia moshi uliokuwa unatujia.

"Awino, unachoma nini huko nyuma?"

"Takataka tu," nikasema.

Hakuuliza takataka gani. Alisimama, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akazunguka nacho nyumba hadi upande wa ziwa, akakiweka chini na kukaa. Mkono wake ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Nilibaki pale nilipokuwa, moshi ukinijia usoni, na ile harufu ikanishika koo kwanza.