Nyayo za Bi Mwanaidi Ufukweni Juani

Siku yangu ya kwanza kazini niligombezwa kwa sababu ya nyayo. Nimetoka Kiegeani, shule nimeiacha njiani, mambo ya kasa nimejifunza kwa macho. Tukakata pori la kisiwa cha Juani mpaka upande wa bahari kuu, hakuna nyumba, ni mawimbi na kunguru tu. Nikatembea zangu kifua mbele. Bi Mwanaidi, mkuu wetu sisi walinzi wa viota, akanipigia kelele:

"We! Unachimba makaburi? Mtoto wa kasa akitumbukia humo, kaa anamla!"

Akanitupia kuti. Basi wadogo zangu mnaoitaka kazi hii, mjue: ukipita karibu na kiota, unafuta nyayo nyuma yako.

Mwezi uliopita ilifika siku ya mwisho ya Bi Mwanaidi kazini, anastaafu. Kiota alichokilinda mwenyewe kilikuwa kimepitisha muda wa kuanguliwa, naye alitaka akione kabla hajaondoka. Boti inamngoja, maji yameanza kupwa.

Mvuvi mmoja wa dago, kambi ya wavuvi wa kuja, akacheka. "Bi mkubwa, yameoza hayo. Hata kuku angeshainuka."

Damu ikanipanda. "Rudia uone! Huyu ndiye mama yangu wa kazi!"

"Kaa chini," Bi Mwanaidi akaniambia. "Wewe kelele, yeye kelele, wenye mayai wenyewe kimya."

Nahodha akaita tena. Bi Mwanaidi akakaza kanga, akainuka. Hapo hapo mchanga ukabonyea, halafu ukachemka kama uji. Vichwa vyeusi! Wakamwagika, wote wameelekea baharini, na hakuna aliyewaonyesha njia. Yule mvuvi kapiga magoti, anafuta nyayo zake kwa viganja: "Subhanallah, subhanallah."

Wa mwisho akawa anajikongoja. Nikainama nimbebe. Bi Mwanaidi akanidaka mkono.

"Mwache! Akikua ataurudia mchanga huu kutaga. Ukimbeba, ataukumbukaje?"

Tukasubiri. Akaanguka, akainuka, wimbi likamchukua.

Bi Mwanaidi akapanda boti bila kuaga. Nyayo zake zikabaki, zimepita kando ya kiota kingine. Nilizitazama mpaka boti ikapotea nyuma ya miamba.

Kisha nikaokota kuti, nikazifuta.