Nilisema Nitafika Mwenyewe

Iko siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, nimesimama mwaloni Ujiji, pale boti na mitumbwi hutia nanga, tiketi ya treni iko mfukoni, na mama mmoja muuza mawese akaniuliza swali dogo nami nikamjibu jibu dogo. Jibu hilo nimeishi nalo mpaka meno yameniisha. Nakusimulia leo kwa sababu jana nilikusikia hapo barazani ukipanga na wenzako kwenye simu: tiketi, hema, siku za kulala porini, mwende mkatazame magari yakishindana. Nilisikia vizuri. Masikio yangu hayajazeeka kama mnavyodhani.

Wala usidhani nataka kukukataza, maana mimi mwenyewe nilikwenda.

Wakati ule nilikuwa mvuvi wa dagaa, na kazi yetu iliendeshwa na mwezi. Likiwapo giza tunaingia ziwani na karabai, dagaa wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, basi tunaanika nyavu na kila mtu anakwenda kwao. Siku hizo za mbalamwezi ndizo likizo ya mvuvi. Kwetu kulikuwa kilimani, juu ya Ilagala, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka ziwani, na mama yangu aliishi huko peke yake tangu baba alipofariki. Hakuwa na kalenda wala redio. Aliutazama mwezi ukinenepa, akatwanga muhogo, akajua mwanawe yuko njiani. Kwa miaka mitano sikukosa hata mara moja, na kwa hilo nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa kilima kile.

Sasa nilikuwa na rafiki, Sefu, Mmanyema wa Ujiji, fundi katika gereji ya malori. Sefu alikuwa akisikia injini kwa mbali anakwambia ugonjwa wake. Kila Pasaka aliganda kwenye redio ya gereji akifuatilia yale mashindano makubwa ya magari, yale ya siku nyingi na usiku na mchana, yaliyokuwa yakivuka nchi hadi nchi kwa njia za vumbi na tope. Mwaka huo alikuja mwaloni na kipande cha gazeti chenye ramani. Magari yangepita karibu na Dodoma. Akasema tusizeeke bila kuyaona kwa macho. Mimi ambaye sikuwa nimevuka Uvinza nikashika moto kuliko yeye.

Pasaka na mwezi mkubwa haviachani, muulize padri yeyote. Kwa hiyo mashindano yaliangukia siku zile zile ambazo mtumbwi umelala. Niliona ni bahati kubwa, kwani tajiri, yaani mwenye chombo, asingenilaumu kwa lolote. Kwamba ndizo siku za mama, nililijua hilo, lakini nililiweka pembeni kama mtu anavyoweka pembeni samaki mwenye miiba.

Tulipanga, mwanangu, ukitucheka leo ni haki yako, lakini tulipanga. Treni za Pasaka zilijaa, kwa hiyo tulikwenda stesheni ya Kigoma mwezi mzima kabla, tukakata tiketi za daraja la tatu, za kwenda na kurudi. Sefu alipata turubai kuukuu la lori, tukalikata tukalishona hema la watu wawili. Ili lisivuje tulilipaka nta ya nyuki tuliyoiyeyusha kwenye debe. Nyuki wa mtaa mzima wakaja kudai mali yao, na Sefu akatembea siku mbili na jicho moja. Tulilisimamisha nyuma ya gereji, mimi nikaingia ndani, yeye akamwaga ndoo nane za maji juu yangu. Halikupita hata tone. Niliandika kila kitu kwenye ukurasa wa daftari: saa ya treni, unga wa muhogo, dagaa, chumvi, sufuria, kamba, mahali pa kupiga kambi, siku ya kurudi. Ukurasa ulijaa pande zote mbili, na jina la mama halikuwamo.

Siku tunaondoka ndipo yule mama muuza mawese, Mama Kashindi, aliponikuta mwaloni. Alikuwa anapakia madebe yake matupu kwenye boti la kurudi Ilagala. Akaniambia kwa kawaida tu kwamba mwezi unakaribia kukua, je, anibebee salamu zozote kwa mama? Kusema kweli lilikuwa jambo jepesi. Ningesema, mwambie safari hii siji, nakwenda Dodoma, nitakuja mwezi ujao. Lakini nilijua mama angeuliza kwa nini, na Mama Kashindi angesimulia, na kilima kizima kingesema kijana wa fulani anamwacha mama yake siku ya Pasaka akatazame magari. Niliona aibu. Nikajibu:

"Mwambie nitafika mwenyewe."

Sikutaja siku. Nilijiambia si uongo, maana iko siku nitafika. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaada wa mwingine.

Safari nisikuchoshe nayo. Tulifika Dodoma tumevimba miguu, tukapata lori la mahindi lililotutupa kwenye korongo la tope ambako Sefu alisema magari yatateseka. Tulipiga kambi siku mbili kabla. Mvua ilinyesha mpaka Jumamosi yenyewe, na hema letu lilikuwa kavu kabisa, Sefu akilipapasa na kulisifu kama ng'ombe wa mahari. Watu wengine walijazana kwenye kibanda cha majani wakilowa, wakatuita mabwana wakubwa. Niliona fahari.

Jumamosi asubuhi magari yakaja. Unasikia kwanza mngurumo ng'ambo ya kilima, watu wanakimbia huku na huku, kisha kitu chekundu kinapita, tope linakupiga usoni, kimekwisha. Unangoja tena nusu saa. Moja lilikwama, tukalisukuma watu ishirini, dereva akatoa mkono dirishani akapunga bila kugeuka. Sefu alilia machozi ya furaha, na sikumlaumu, lile ndilo lilikuwa jambo lake. Mimi nilifurahi pia. Lakini ilipofika Jumapili, njia imekuwa tupu na watu wametawanyika, kengele ya kanisa ikalia katika kijiji cha Wagogo hapo karibu, na akina mama wakapita na watoto wao wamevaa nguo safi. Nilikaa mlangoni pa hema nikajisikia mpweke vibaya sana. Sefu alikuwa anaongea kando yangu, nami sikusikia neno. Nilijua mama amekwenda kanisani Ilagala peke yake, amerudi, ameketi akitazama njia.

Hivyo ndivyo nilivyodhani, na laiti ingekuwa hivyo tu.

Tulirudi Kigoma Jumatano, na Alhamisi nikapanda boti la Ilagala na khanga ya zawadi, nikitunga maneno ya kujitetea. Nilipopanda kilima nilishangaa ukimya. Hakuna mbwa, hakuna jogoo, hakuna mtoto aliyeniamkia. Nyumba ya kwanza haikuwa na paa. Ya pili pia. Nikaelewa. Tulikuwa tumeambiwa kwamba watu wote wa vilima vile watahamia kijiji kipya cha ujamaa, lakini tulisikia ni kiangazi, baada ya mavuno. Lori lilikuwa limekuja mapema.

Nikadhani mama ameondoka na wenzake. Nilisimama uani kwetu, sina wa kumuuliza. Ndipo nikasikia mtu anakohoa ndani ya kuta.

Alikuwa ameketi kwenye kona, juu ya kinu kilicholazwa, mkeka ameuegemeza ukutani umfunike kichwa na mabega. Nguo zake zilikuwa zimelowa mpaka zimepoteza rangi. Kando yake jembe, chungu, na kuku mmoja amefungwa mguu, yule wa kunichinjia. Juu yetu kulikuwa na mbingu tu.

Kilichotokea nilikuja kuelezwa baadaye na Mzee Bukuru, balozi wetu wa nyumba kumi. Lori lilikuja mara mbili. Safari ya kwanza lilibeba miti ya mapaa, ili wakute cha kujengea kule waendako, na mama akaitoa ya kwake kwa hiari. Safari ya pili, Jumamosi, lilibeba watu. Mama akakataa kupanda. Wakamsihi, wakasema watamwachia kijana ujumbe Ilagala. Akajibu kwamba mwezi umekwisha kukua, mwanawe ametuma neno kwa Mama Kashindi kwamba atafika mwenyewe, na haiwezekani mtoto afike kwao akute kuta. Mzee Bukuru alimwambia dereva arudi baada ya siku chache. Mvua ikakata njia. Mama alikaa pale peke yake siku tano, mvua ikimnyeshea, Jumamosi ile ile mimi nikisifiwa hema kavu.

Alipoinua uso hakulia wala hakunigombeza. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikwenda kutazama magari yanayoshindana. Akataka kujua yanashindana kwenda wapi. Nikasema hayaendi mahali, mama, yanazunguka nchi kisha yanarudi pale pale yalipoanzia.

"Basi wale nyumbani kwao wanajua siku watakayorudi," akasema.

Nikapiga magoti kwenye tope. Nikamwomba msamaha kwa maneno niliyoyatunga na mengine yaliyokuja yenyewe. Akanishika kichwa kwa mkono uliokuwa wa moto wa homa.

"Mwana wanje, mwanangu, sikukukataza kutembea. Ungesema huji, ningepanda lori na wenzangu."

Ni hayo tu. Baba angenichapa, balozi angenitukana, na kwa hakika ningeshukuru. Lile neno halikuwa na hasira ndani yake, kwa hiyo sikupata pa kujishikiza.

Nilisimamisha hema letu ndani ya kuta zile, nikamlaza humo, nikamvisha khanga mpya. Lori lilirudi Jumamosi. Katika kijiji kipya nilimjengea nyumba kwa mikono yangu, lakini kikohozi alihamia nacho. Nilimpeleka hospitali ya Kigoma mara nyingi. Siku nyingine anapata nafuu, anapalilia, anacheka na jirani zake, kisha kinarudi. Aliishi misimu miwili ya mvua, ya tatu hakuivuka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami nakwambia uko uchungu wa mzazi ambao mwana huujua akiwa amechelewa. Sefu alikuja kuzika. Alichimba kaburi na mimi, na tangu siku ile hakuniambia tena habari za magari, hata nilipomuuliza.

Watu walinifariji kwamba ni mvua, ni lori, ni mapenzi ya Mungu. Huenda. Mvua sikuileta mimi. Lakini lile neno lilitoka kinywani mwangu, na mama aliliamini kwa sababu hakuwa amepata kunisikia nikisema uongo.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana mazungumzo yangu ni marefu na wewe una mambo yako. Nenda ukatazame magari. Kata tiketi mapema, shona hema lisivuje, chukua chumvi, watu husahau chumvi. Ujana haurudi, na mwenye miguu atembee. Lakini usiondoke bila kuaga. Wasemao msafiri kafiri wanamaanisha huyu huyu, anayeweka akilini vituo vyote vya njiani akawasahau waliobaki. Na ukiona aibu kuaga, iulize hiyo aibu inakuficha nini.

Tena usimwambie mtu "nitakuja" ili akuachie upite. Nyinyi mna simu, na kila siku nawasikia: niko njiani, nakaribia, kesho bila shaka, na mtu mwenyewe hata viatu hajavaa. Ahadi ni deni, hilo mnalijua tangu shule. Nisilojua kama mnalijua ni kwamba neno lako mtu analijengea. Anakataa lifti, anaweka chakula, anafunga kuku, anakaa mvuani. Ukweli wa "siji" unauma siku moja, kisha mtu anapanda lori lake anakwenda zake. Usimnyime mtu lori lake.

Mimi sasa naishi peke yangu katika nyumba hii, na simdai mtu kunitembelea. Ninachoomba ni kidogo. Usiku huna nafasi, asubuhi huna nafasi, sawa, niambie huna, nami nitafunga mlango mapema nilale. Nisichokiweza ni kungoja. Nilikwisha kuiona sura ya kungoja.

Haya, lete kichwa nikuombee. Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akuepushe na tope na mwendo wa wazimu, akupe wenzako wema wa kulala nao hema moja. Ulimi wako awe mlinzi wake. Na popote uendapo duniani, mwanangu, usikose mtu nyumbani anayeijua siku yako ya kurudi, wala usimwache hata mmoja akikungoja siku ambayo huji.