Beseni la Dresa Yohana

Babu yangu kule Makangale alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, mkorofi, akachomwa na mwiba ukwatoni. Namwona babu mpaka leo: ukungu wa msitu wa Ngezi haujaondoka, yeye kachuchumaa, ukwato kaupakata kama mtoto, anauosha kwa maji ya mwarobaini huku akimnong'oneza. Ng'ombe akampiga teke. Babu akainuka, akakung'uta kikoi, akachuchumaa tena. Ng'ombe mwenyewe alikuja kuchinjwa harusi ya ami yangu, lakini hayo mengine.

Nalisema hilo kwa sababu siku yangu ya kwanza kazini, kambi ya wagonjwa wa ukoma, mbali na mji wa Chake, niliulizwa, "Umepata kuosha kidonda?"

Nikajibu, "Cha ng'ombe."

Aliyeuliza akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi kazi umepata. Hawa hawana mateke."

Huyo ndiye Dresa Yohana, Mkristo wa bara, kaletwa na watu wa misheni. Dresa, nyinyi vijana, ni mfunga vidonda. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Daktari, Mzungu, akija mara moja kwa mwezi, na kauli yake ile ile: "Uvuguvugu, Hamadi! Maji ya uvuguvugu!" Na kweli, mguu wa ukoma hausikii moto, utauchemsha na mwenyewe anakuhadithia habari za kwao. Kwa hiyo unatia kiwiko chako kwanza. Kisha unalowesha, unakwangua ngozi iliyokufa, unapaka mafuta, unafunga. Mvuke unapanda, harufu ya karafuu inakuja kutoka majamvini zilikoanikwa, unakuwa kama umo ndotoni.

Mgonjwa wetu mmoja, Bi Mize, alikataa kuoshwa. Kidonda cha unyayo kilikaribia mfupa, na Daktari alishasema akirudi akakikuta vile vile, mguu unakatwa. Lakini kambini palienea kwamba Wakristo humtia mtu dini yao kwa maji.

"Nshasema sitaki! Nife na dini yangu."

"Bi Mize, maji ya kisima haya, nimeteka mwenyewe," nikamwambia.

"Nyamaza Hamadi, wewe ushalowa zamani!"

Dresa Yohana akakaa sakafuni, akavua viatu, akatia miguu yake mwenyewe ndani ya beseni. "Haya Bibi, nioshe wewe kwanza. Kama maji yanageuza mtu, mie ndiye nitakayekuwa Muislamu."

Bi Mize akaitazama ile miguu. "Lo! Na uchafu wote huu?"

Lakini akainama. Mikono yake ilikuwa imebaki na vidole vinne tu. Hata mwanawe wa kumzaa alikuwa hapokei kitu mkononi mwake. Akasema bismillahi, akamwosha taratibu, kidole kwa kidole.

"Jina lako jipya nani, Dresa?" mgonjwa mmoja akapiga kelele.

"Atanipa Bi Mize!"

Watu wakavunjika mbavu. Bi Mize alipomaliza, akanyoosha mguu wake. Akaoshwa siku ile, na kila siku. Daktari aliporudi, msumeno haukutoka mkobani.

Nilimwuliza Dresa tukikamua bendeji, "Wewe wapata nini?"

"Kwetu tunaamini Mungu alitupenda kabla hatujafaa kitu. Aliyependwa hivyo atakaaje kupima nani anastahili?"

Mie nimezaliwa Muislamu na nitazikwa Muislamu, vitabu vyao sivijui, na skuli nimeishia darasa la pili. Lakini hilo nimeliona kwa macho, simfichi mtu. Nilibaki kambini mpaka nikastaafu. Sasa miguu yangu inavimba, binti yangu ananiosha, na kila akitia kiwiko ndani ya beseni, namwona Dresa.

Barua ya kuhamishwa Dresa ilipokuja, aliniambia mimi tu. "Nikiwaaga watanipa vitu, nao hawana."

Nilimkasirikia. "Na Bi Mize? Wiki ya tatu anakusukia kawa kwa vidole vinne!"

Akaikunja barua. "Afunikie chakula chake."

Akanikabidhi beseni. Bi Mize alikuwa anakwenda kisimani, ndoo kichwani, kwa miguu yake yote miwili, anamtukana mbuzi wa watu. Dresa akasimama kumsikiliza, akatabasamu. Kisha akapita nyuma yake, majanini, polepole, akaishika njia ya Chake, asirudi tena.