Nimekuwa wifi wa mchumba wa mpenzi wangu

Admin, jina langu lifiche, na wanaonifahamu wakinitambua basi wakae kimya. Nina miaka 31, nilizaliwa Goma, sasa naishi Gisenyi, mtaa wa Nengo. Nauza vitenge, kila asubuhi navuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma na mzigo wangu. Mdomo ninao, waulize wateja wangu. Lakini siku niliyouhitaji huo mdomo, ulinigomea.

Nina mpenzi, au niseme nilikuwa naye, miaka minne. Ana pikipiki kubwa anayoipenda kama mtoto. Mwisho wa mwezi uliopita Ijumaa ilikuwa sikukuu, akaniambia, "Chérie, funga sac, tutembee siku tatu, tulale mu hema kando ya ziwa." Mwanaume ambaye hata soda ananinunulia kwa kusukumwa! Nikajua kabisa anataka kunivisha pete. Nikasuka nywele mpya, nikasahau kwamba kofia ya pikipiki itazilalia.

Ijumaa tulipita Kanama, tukashuka Rutsiro, tukasimama kwenye kila senta ya maduka kula mishikaki na kupiga picha. Tukapiga hema kwenye kilima juu ya ziwa Kivu. Nilikuwa na furaha, sitawadanganya.

Jumamosi ilikuwa siku ya umuganda. Kwa msiokuwa Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wote wanatoka kufanya kazi za mtaa, na hadi wazimalize barabara hazipitiki ovyo. Tangu alfajiri alikuwa ananiharakisha: "Tutoke mapema, umuganda isitukute mu njia." Mimi nikajivuta, nikachemsha chai ya pili, nikajipiga picha na ziwa. Nilidhani tuna siku nzima, kumbe mwenzangu alikuwa na senta moja anayotaka kuivuka kabla watu hawajatoka nje.

Tukasimamishwa kwenye senta hiyohiyo. Viongozi wa mtaa wakatupa majembe, tukazibua mitaro na wenyeji. Mimi nacheka na akina mama, yeye kofia hataki kuivua. Kazi ilipoisha tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano, na kiongozi akaomba wageni wajitambulishe. Hapo kofia ikabidi itoke. Akasimama, akataja jina lake, akanionyesha mimi: "Na huyu ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, wa Goma."

Nilicheka moyoni. Nikajua anaona aibu, watu wawili wasio na ndoa na hema moja. Ndipo mama mmoja wa makamo akainuka kwenye kundi. Mpenzi wangu akasalimiwa kwa mbali, kwa heshima, bila kuguswa. Mimi akanikumbatia kwa nguvu na kusema, "Karibu nyumbani, mtoto wetu. Mkwe wetu hakutuambia anakuja na dada yake."

Mkwe. Nilimtazama mpenzi wangu, naye akaangalia viatu vyake.

Tukapelekwa nyumbani kwao, tukapewa maziwa, viazi na maharage. Binti mwenyewe, mchumba wake, ana miaka 24, anafundisha watoto wadogo, mpole hadi nilikosa pa kumchukia. Akanishika mkono, akanipeleka chumbani kunionyesha mishanana, yale mavazi ya harusi ya kufunga begani. Akaniambia kwamba sherehe ya kumposa ilishafanyika, akanitajia na wiki yenyewe. Nikaikumbuka wiki ile. Mimi nilikuwa nimeambiwa yuko Kigali kwenye mafunzo ya kazi, na nilimpigia pasi shati la kuvaa huko.

Nilikuwa napapasa kitambaa cha mishanana kama mfanyabiashara, maana mikono ilikosa kazi nyingine. Akafunga mlango, akaninong'oneza, "Wifi, wewe unamjua. Niambie ukweli kabla sijaondoka kwetu. Hana mwanamke huko Gisenyi?"

Nikamwambia, "Hana."

Hadi leo sijui nilikuwa namlinda nani. Labda ni aibu yangu tu, kukaa kwa watu, kula chakula chao, halafu niseme mimi ndiye. Alinikumbatia, akalia kwa furaha. Na mimi nikalia, naye akadhani ni furaha.

Tulipoondoka nilishika chuma cha mizigo, sikumshika kiuno. Tulipofika mbele kidogo nikamwambia asimamishe. Akasema, "Mama ndiye alinichagulia, mi ningefanya nini? Nilitaka tupate siku tatu nzuri, donc basi, tukirudi nikuambie." Yaani safari ile yote ilikuwa ya kuniaga! Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa changu kidogo, halafu nikalia barabarani watu wakipita. Nimempenda jamani. Bado nampenda, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Yeye sipokei simu zake. Ila yule binti alichukua namba yangu, na kila siku ananiandikia. Hana dada, anasema Mungu amempa mimi. Harusi ni baada ya wiki tatu, na ameniomba nisimame upande wake. Jana ameniuliza, "Wifi, akikasirika huwa mnamtulizaje?" Jibu ninalo. Nikamwandikia: mpe chai ya tangawizi, usimsemeshe, ataanza mwenyewe. Akanishukuru, akasema wakishaoana nitakuwa wa kwanza kualikwa nyumbani kwao.

Mlionitangulia kwa miaka na kwa machozi, naomba mniambie. Nikimwambia ukweli, nitamvunjia ndoa mtoto wa watu aliyenifungulia chumba chake, na watasema ni wivu. Nikinyamaza, ataolewa kwa sababu mimi nilimwambia hana. Nifanye nini?