Makala Aliyoiondoa Mwenyewe

Wanafunzi walimwita Bi Volti, kwa sababu hata akienda kunywa chai alikuwa na kipima umeme mfukoni. Kazi yake ilikuwa kutumbukiza metali kwenye tindikali, kupitisha umeme na kuangalia kinachotokea. Kwa miaka kumi na mmoja alitafuta kichocheo cha kutoa haidrojeni kwenye maji, kitakachochukua nafasi ya platinamu, metali adimu kupindukia. Hatimaye akakipata: unga mweusi wa chuma.

Makala ya ugunduzi huo ilimtoa gizani. Ndani ya miaka minne watafiti wenzake waliirejelea mara mia tatu na kumi. Mkuu wa idara aliibandika hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo, akawa anaibadilisha kila Jumatatu kama matokeo ya mpira. Jina la Bi Volti likaingia kwenye orodha ya watakaopandishwa kuwa maprofesa.

Ndipo ikaja barua pepe ya mistari minne. Msichana mmoja, mwanafunzi wa uzamivu katika nchi ya mbali, alikuwa amerudia jaribio lile mara kumi na nne bila kupata kitu. Aliomba radhi, pengine alikuwa anakosea yeye.

"Mwambie aongeze bidii," mkuu alishauri. "Watu mia tatu hawawezi kukosea."

"Mia tatu wameitaja, Mkuu. Waliorudia jaribio ni wangapi?"

Mkuu akaanza kutafuta miwani yake, nayo iko usoni.

Bi Volti alimwomba yule msichana amweleze kila hatua. Tofauti ilikuwa moja tu: upande wa pili wa chombo, mahali umeme unapokamilisha mzunguko wake, yeye Bi Volti alitumia waya wa platinamu, msichana alitumia kijiti cha kaboni. Akamwita Mzee Chupa, fundi wa maabara aliyetengeneza vyombo vya kioo tangu ujana wake, wakaanza upya. Wiki sita. Kwa waya, mapovu yalichemka. Kwa kaboni, kimya.

Mzee Chupa akauweka waya kwenye mizani, akasoma, akasoma tena.

"Waya wako umekonda, mwanangu."

Bi Volti akakaa kwenye stuli. Platinamu ilikuwa ikiyeyuka kidogokidogo na kwenda kutua juu ya unga wake. Kumbe miaka yote hiyo kazi ilifanywa na platinamu ileile aliyotaka kuiacha! Hakulia. Aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Nyumbani alimweleza mumewe, mwalimu wa shule ya msingi.

"Sasa uprofesa, Mama Pacha?"

"Utasubiri."

"Basi andika. Jikoni nitashika mimi, ila asinilaumu mtu kwa chumvi."

Mkuu alimsihi angoje angalau kamati ya kupandisha vyeo ikae. "Unajimaliza mwenyewe!"

"Kuna watu wanapoteza ujana wao juu ya unga wangu, Mkuu. Siwezi kungoja."

Akaliandikia jarida liiondoe makala yake. Kisha akaandika nyingine, kueleza jinsi waya ule unavyodanganya na namna ya kumgundua mwongo huyo. Jina la yule msichana alilitanguliza. Lake likafutwa kwenye orodha ya maprofesa, na kwenye mkutano mmoja mtafiti aliyekuwa akimsalimia kwa mikono miwili alipita kando kama hamjui. Ilimuuma. Lakini kesho yake alipanda jukwaani, akasoma matokeo yake mpaka mwisho.

Mwaka wa kwanza makala hiyo mpya ilirejelewa mara tisa. Mwaka wa pili maabara nyingine zikaanza kupima waya zao, na barua zikamiminika: hata sisi, hata sisi. Kufikia mwaka wa tano ilikuwa imeipita ile ya zamani, maana kila aliyetaka kuaminiwa aliitaja kuonyesha kwamba amejihadhari. Uprofesa nao ukaja, umechelewa miaka mitatu.

Siku hizi mwanafunzi mpya akiingia kwake huanza kwa kurudia jaribio la mtu mwingine. Naye Bi Volti ana unga mwingine, wa nikeli. Nguvu yake ni nusu tu ya platinamu, lakini maabara mbili zimeujaribu kabla hajaandika hata sentensi moja, na zote zimepata nusu ileile.