Bisibisi ya Fundi Sikio

Fundi Sikio amemiliki magari manne, na ukimpa kiti atakusimulia moja moja. La kwanza, anasema, lilisukumwa zaidi ya lilivyoendeshwa. Ila lile la bluu hulipita kimyakimya.

Lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake, na fundi alilitamani tangu siku lilipoingia uani. Siku moja shemeji alimletea alisikilize. Fundi akagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, kama kawaida yake. Injini ilinguruma vizuri kabisa. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, hii haimalizi mwaka. Niachie mimi nihangaike nayo."

Shemeji akamwuzia kwa bei ya kutupa, tena akamshukuru.

Miaka sita sasa gari halijakohoa hata mara moja, na kila likiwaka vizuri fundi huona aibu upya.

Juzi shemeji alikuja na gari analotaka kununua. "Sikiliza, shemeji. Mimi namwamini nani mwingine?"

Fundi akasikiliza. Lilikuwa zima. Lakini akaiweka bisibisi chini.

"Shemeji, lile la bluu halikuwa na ugonjwa wowote. Nililitaka tu."

Shemeji akashika boneti. "Na hili?"

"Hili ni zima. Kweli."

"Sasa nitajuaje?" aliuliza taratibu, akafunga boneti.

Fundi akatoa mfukoni ufunguo wa lile la bluu, akamnyooshea. Shemeji aliutazama tu.