Bonde la Godoro

Dukani kwetu Al Twar, huku Uarabuni, kila plastiki inapochanwa kwenye godoro la Kitaliano, harufu ya pamba kavu hunijaa puani. Leo msimamizi wetu, Msiria, alimwambia madam mmoja kwa majivuno, "Materasso, godoro kwa Kitaliano, ni neno letu. Wataliano walilipata kwetu Waarabu: matrah, mahali pa kutupia kitu."

Madam alicheka. Mimi nilikuwa nimesharudi uani kwetu, utotoni.

Mama alikuwa amezikwa asubuhi. Wanawake walitoa godoro lake la sufi, wakalitupa juani, na bibi akaanza kulifumua kwa wembe.

"Bibi, usilichane. Lina bonde la mama, pale alipolalia."

"La maiti halilaliwi mpaka lifumuliwe, mjukuu wangu. Unataka ulale chini?"

Akaipiga ile sufi kwa fimbo. Ilinuka jasho la mama na mafuta ya nazi, kisha ikanuka jua tu. Jioni godoro likashonwa upya, limejaa, limenyooka. Nikalilalia, nikitafuta bonde lile kwa mgongo.

"Yalla, haya," msimamizi aliniita. "Bonyeza katikati, madam aone."

Nikalibonyeza lile la Kitaliano. Likainuka palepale, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kulilalia.